Kura Ambayo Haijapigwa

Imekuwa desturi yetu Wakenya, kila uchaguzi wa urais unapokaribia, kuzisubiri kura za maoni kama wafungaji wausubirivyo mwandamo wa mwezi. Nadhani jina lenyewe limetupotosha. Hakuna kura iliyopigwa. Kuna watu, pengine 2,000 hivi, walioulizwa swali, aghalabu kwa simu, wakajibu au wakakataa kujibu.

Tuuchukue uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Makampuni ya utafiti yanayofahamika zaidi yalimweka hayati Raila Odinga mbele hadi mwisho, yakimpa kati ya asilimia 46 na 49, ilhali William Ruto alipewa kati ya 41 na 44. Tume ya uchaguzi ilipotangaza matokeo, Ruto alikuwa na asilimia 50.49 na Raila 48.85. Papo hapo tukaambiwa kwamba watafiti walinunuliwa. Hebu tuzitazame tarakimu upya. Ile ya Raila haikuwa mbali na ukweli. Waliosahauliwa ni wale waliosema hawajaamua na wale waliofumba midomo, na yaelekea wengi wao walikuwa wameamua zamani. Mtu anayeulizwa siri yake na sauti asiyoijua, naye anaishi miongoni mwa majirani wenye msimamo mmoja, ana sababu nzuri ya kunyamaza.

Wingi wa watu wanaoulizwa nao si dawa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipeleka karatasi za maswali milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alitwaa majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na magari, na maskini wa nyakati zile za dhiki hawakuwamo. Nasi leo tunapohesabu maoni kwa simu, yule mchungaji asiye na simu kule mashambani anahesabiwa wapi?

Sisemi kwamba kura za maoni ndizo zilizoleta maafa yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Hata hivyo, aliyeaminishwa kwa miezi kadhaa kuwa mtu wake ameshashinda hapokei matokeo tofauti kwa moyo mtulivu, hasa hesabu yenyewe ikiwa na mashaka. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka kura hizi zipigwe marufuku kabisa. Pasipo utafiti tutabaki na uvumi wa vijiweni, ambao hauna hata kiwango cha makosa.

Bunge lilipitisha sheria mwaka 2012 inayomtaka mchapishaji aeleze ni nani aliyegharimia utafiti, ni watu wangapi walioulizwa na kwa njia gani, na inayokataza kuchapisha matokeo siku 5 kabla ya uchaguzi. Maelezo hayo huchapishwa kwa herufi ndogo mno. Walimu wa hisabati, mnaofundisha takwimu kwa mifano ya maembe na alama za mtihani, ingieni darasani na gazeti la siku hiyo. Wanafunzi wa kidato cha nne, ambao wengi wao watapiga kura karibuni, waulizeni kwanza: ikiwa tofauti ya wagombea ni asilimia 2 na kiwango cha makosa ni 3, ni nani anayeongoza?