Usipoziba Ufa Mapema

Msomaji, nchi inayobadili utawala wake hufanana na nyumba inayoezuliwa ili iezekwe upya. Mabati ya zamani yamekwisha kushushwa, mapya hayajapigiliwa misumari, na mawingu yametanda. Wenye nyumba wakianza wakati huo kugombana juu ya nani ashike nyundo, wote watanyeshewa, hata watoto ambao hawakusema neno.

Watu wengi hudhani kwamba vita vya ndani huletwa na chuki ya kabila kwa kabila peke yake. Sivyo. Makabila hukaa pamoja miaka mingi, yakiuziana mahindi na kuoana. Kiletacho hatari ni mashaka. Sheria ya zamani imelegea, na ile mpya bado haijaaminiwa. Mkulima hajui kama hati ya shamba lake itaheshimiwa na wakubwa wajao. Mfugaji hajui kama atafukuzwa kisimani. Karani hajui kama atabaki na kazi yake. Mtu mwenye mashaka ya namna hiyo husadiki upesi uvumi wa sokoni, na mwenye tamaa ya cheo hujua sana kuutumia. Kwa hiyo shauri letu la leo ni hili: amani ya wakati wa mabadiliko yapasa kutengenezwa mapema, mahali padogo, na watu wanaojuana kwa majina. Sahihi za wakubwa huja baadaye.

Tutazame kwanza Wajir, katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka katika Somalia, wakimbizi wakavuka mpaka, na bunduki zikavuka pia. Ukame uliua mifugo. Tena Kenya ilikuwa ikitoka katika utawala wa chama kimoja kuelekea uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1992. Kiti cha Bunge kikawa kama kisima, kila ukoo ukitaka kukishika peke yake. Watu wakauawa, mifugo ikaporwa, na hata sokoni wanawake wa koo mbalimbali wakaanza kubaguana katika kuuza na kununua.

Mwaka 1993 wanawake wachache, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir, walianza na soko hilo. Walikubaliana kwamba kila mwanamke ana haki ya kuuza na kununua bila kuulizwa ukoo wake, wakaweka kamati ya kuliangalia jambo hilo. Soko lilipotulia wakawaendea wazee. Hapo walitumia akili: waliwaomba wazee wa koo ndogo, ambazo hazikuwa na upande katika ugomvi, wawapatanishe wazee wa koo kubwa. Mwaka huo huo wazee wakafanya mapatano ya Al Fatah, yenye masharti ya jinsi watu watakavyorudiana. Mwaka 1995 kamati ya amani ikatiwa katika mipango ya wilaya, chini ya uenyekiti wa Mkuu wa Wilaya. Wazee, wanawake, viongozi wa dini na maofisa wa usalama wakaketi pamoja, na habari ya ugomvi ilipofika, wajumbe walitumwa upesi kabla ya kisasi kulipizwa.

Afrika ya Kusini nayo ilipita njia kama hiyo, tena yenye damu nyingi zaidi. Nelson Mandela alifunguliwa gerezani Februari 1990, lakini uchaguzi wa watu wote haukufanywa mpaka Aprili 1994. Katika miaka ile minne ya katikati maelfu ya watu waliuawa kwa ugomvi wa siasa, hasa katika Natal na kandokando ya Johannesburg. Tarehe 14 Septemba 1991 serikali, chama cha ANC, chama cha Inkatha na wengine walitia sahihi Mapatano ya Amani ya Taifa. Viongozi wa makanisa na wa biashara ndio waliofanya kazi kubwa ya kuwakutanisha. Kisha kamati zikaundwa mikoani na mitaani, ambamo ofisa wa polisi, mjumbe wa chama na mchungaji waliketi kupanga njia za maandamano, kupokea malalamiko, na kupeleka waangalizi penye mikutano mikubwa.

Tarehe 10 Aprili 1993 Chris Hani, kiongozi aliyependwa sana na vijana, alipigwa risasi na Mzungu nyumbani kwake. Lakini jirani yake, mwanamke wa Kikaburu, alishika nambari ya gari la muuaji akawaarifu polisi, naye muuaji akakamatwa. Mandela aliposema na taifa katika televisheni aliyataja mambo hayo mawili pamoja: muuaji ni Mzungu, na aliyewezesha akamatwe ni Mzungu pia. Fujo zilitokea na watu wakafa, lakini nchi haikuingia vitani.

Hata siku za mwisho Inkatha ilikuwa bado ikikataa kuingia katika uchaguzi. Wapatanishi mashuhuri wa ng'ambo walikuja wakarudi kwao mikono mitupu. Aliyebaki ni Mkenya mwenzetu, Profesa Washington Okumu, ambaye kiongozi wa Inkatha, Mangosuthu Buthelezi, alikuwa akimfahamu tangu zamani. Tarehe 19 Aprili 1994, wiki moja tu kabla ya kura, Inkatha ilikubali. Karatasi za kura zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa, ikabidi jina la chama hicho libandikwe chini kwa kipande cha karatasi chenye gundi.

Huenda msomaji akauliza: kamati ya mtaa yaweza kuzima moto unaomiminiwa mafuta na wakubwa? Haiwezi, na haifai kudanganyana. Katika Natal watu waliendelea kuuawa hata baada ya mapatano. Nasi tulikuwa na somo la Wajir kwa miaka mingi, lakini baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Ugomvi wa mashamba katika Bonde la Ufa ulijulikana tangu fujo za mwaka 1992. Ufa ulionekana na wote, wala haukuzibwa. Ikalazimu Kofi Annan aje Januari 2008, na tarehe 28 Februari Mwai Kibaki na Raila Odinga wakatia sahihi. Mapatano yao yalituliza nchi na kufungua njia ya Katiba ya mwaka 2010. Hata hivyo, sahihi hizo hazikumfundisha mtu kumsalimu tena jirani aliyemfukuza. Kazi hiyo iliachiwa watu wa mtaa.

Basi, yampasa nini mkulima na karani? Kwanza, kamati iundwe wakati wa utulivu, iwe na watu wa pande zote, wanawake na vijana pia. Kamati ya upande mmoja ni ya kuandaa vita.

Pili, habari ichunguzwe kabla ya kupelekwa mbele. Siku hizi uvumi husafiri kwa simu, ukafika Mombasa kabla chai haijapoa. Pawe na mtu anayeaminiwa kila upande, wa kuulizwa: je, ni kweli?

Tatu, malalamiko yaandikwe daftarini, pamoja na tarehe, mahali na jina la mlalamikaji. Karani anayeandika lalamiko la mtu wa kabila lingine kwa uaminifu ule ule anaoandika la nduguye ameziba ufa mkubwa.

Nne, pawe na haki. Aliyeporwa ng'ombe au shamba asiambiwe anyamaze kwa ajili ya amani. Atanyamaza kweli, lakini mwanawe atasema siku ya uchaguzi ujao, na huenda akasema kwa panga.

Mikutano ya kamati haina ngoma wala mapambo, na hakuna apigwaye picha kwa sababu ya ugomvi ambao haukutokea. Lakini kura zikiisha kuhesabiwa, majirani ni wale wale, na kisima ni kile kile. Kama kamati ya mtaa wako haijaketi tangu uchaguzi uliopita, waulize wajumbe wake sababu, tena uwaulize wiki hii.