Kompresheni kwanza, rangi baadaye
Pikipiki ya Aprilia RS250, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1990 ikiwa na injini iliyotokana na Suzuki RGV250, bado inawatoa udenda wanunuzi wa Ulaya. Wengi hukagua rangi kwanza, na hapo ndipo wanapoliwa.

Injini ya RS250 ni ya mipigo miwili, na huchoma oili pamoja na petroli. Pikipiki ikikaa miaka bila kuwashwa, sili za krenki hukakamaa. Hewa hupenya, petroli haitoshi, joto hupanda na pistoni hukwama.

Muuzaji aliyeipasha moto injini kabla mteja hajafika atiliwe shaka. Mnunuzi apime kompresheni ya silinda zote mbili, kisha adai risiti za pistoni na ringi. Asipozipata, bei ishuke kwa gharama ya kufungua injini nzima, hata kama pikipiki itakimbia uwanjani tu.