Ngoma ya Bonham ilipopasuka, Led Zeppelin ikanyamaza

Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Msomaji mpenzi, leo nakuletea habari za bendi iliyovuma kwa sababu ya ngoma hasa, na ngoma yenyewe ilipopasuka, bendi ikafa nayo.

Nazungumzia Led Zeppelin, wale Waingereza wanne wa roki nzito. Huenda wewe si mpenzi wa roki. Huenda kijana wako akifungulia muziki huo sebuleni unamfokea apunguze kelele. Hata hivyo usifunue ukurasa, maana habari hii ni ya urafiki, kazi na chupa, na hayo yapo katika kila nyumba.

Katikati ya mwaka wa 1968, mpiga gitaa Jimmy Page alijikuta peke yake. Bendi yake, Yardbirds, ilikuwa imesambaratika, na bado alidaiwa maonyesho huko Skandinavia. Alimwendea mwimbaji mmoja, Terry Reid, naye akakataa lakini akamwelekeza kwa kijana mwingine, Robert Plant, kutoka pande za Birmingham. Plant akaja na la kwake: nyumbani kuna rafiki yangu, hakuna apigaye ngoma kama yeye. Huyo ndiye John Bonham. Wa nne, John Paul Jones, alipiga besi na kinanda. Huyu alisukumwa na mkewe ampigie Page simu aulize kama kuna nafasi. (Akina baba, mnasikia?)

Bonham alikuwa na umri wa miaka 20 tu, lakini tayari alikuwa na mke na mtoto mdogo. Baba yake alikuwa mjenzi, naye mwenyewe alikuwa ameshika msumeno na nyundo kabla ya kupata riziki kwa vijiti vya ngoma. Wakati huo alikuwa akimpigia mwimbaji Tim Rose kwa pauni 40 kwa wiki, na waimbaji wengine walikuwa wakimtaka. Alisitasita sana. Nani angemlaumu? Ukiwa na mtoto wa kulisha, huachi mshahara wa uhakika kwa ahadi za mtu aliyevunjikiwa na bendi.

Mwishowe akakubali. Walikutana mwezi Agosti katika chumba kidogo chini ya jengo, Gerrard Street, London, wakajaribu wimbo mmoja, na kila mmoja wao amesimulia kwamba mambo yalijulikana papo hapo. Septemba 7, 1968 walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza huko Denmark, bado wakitumia jina la Yardbirds. Jina jipya lilitokana na mzaha kwamba bendi ya namna hiyo ingeanguka kama puto la risasi, ile madini nzito. Albamu ya kwanza waliirekodi kwa muda wa saa 36 hivi, kwa gharama ya pauni 1,782. Ilitoka Januari 1969, na kabla ya mwaka kwisha albamu ya pili ilikuwa imeshika nambari moja Marekani.

Hapa lazima niseme ukweli. Sehemu kubwa ya utamu huo ilichotwa kwa Waamerika weusi, wale wapiga bluzi wa Mississippi na Chicago, na mara nyingine majina yao hayakuandikwa kwenye santuri. Willie Dixon alilazimika kwenda mahakamani mwaka wa 1985 kudai haki yake katika kibao kilichowapa sifa kubwa, na mwaka wa 1987 wakapatana nje ya mahakama. Kipaji walikuwa nacho, sikatai. Lakini mwenye shamba hulipwa.

Sifa zilipanda kama moto wa nyikani. Albamu ya nne ya mwaka wa 1971, ambayo haikuwa hata na jina juu yake, imeuzwa zaidi ya nakala milioni 20 Marekani pekee. Mei 1973 watu zaidi ya 56,000 walifurika uwanjani Tampa, Florida, kuwaona wao tu, wakaipiku rekodi ya Beatles ya mwaka wa 1965.

Ukitaka kujua Bonham alikuwa nani, tafuta wimbo wa mwisho katika albamu hiyo ya nne. Msingi wake ni wimbo wa zamani wa Memphis Minnie na mumewe kuhusu mafuriko ya Mississippi ya 1927. Wazungu hawa waliweka ngoma chini ya ngazi katika nyumba kuukuu ya mashambani, vipaza sauti wakavining'iniza ghorofani, naye Bonham akapiga. Mlio ule unashuka kama mti mkubwa unaoangushwa msituni. Na jukwaani alikuwa na zamu yake peke yake, ambapo aliweka vijiti kando na kupiga kwa viganja vitupu.

Halafu mikosi ikaanza kufuatana. Agosti 1975 Plant na mkewe waliumia vibaya katika ajali ya gari kisiwani Rhodes, Ugiriki. Julai 1977, bendi ikiwa ziarani Marekani, simu ikaja: mwana wa Plant, mwenye umri wa miaka mitano, ameaga dunia kwa maradhi ya ghafula. Ziara ikavunjwa. Plant alitaka kuacha muziki kabisa. Aliyemwendea, akaketi naye na kumrudisha kazini ni Bonham, yule rafiki wa tangu ujanani.

Lakini nani alikuwa akiketi na Bonham? Page alikuwa amenaswa na heroini. Bonham mwenyewe hakupenda kusafiri kwa ndege, na safari ndefu zilimtia upweke wa mke na watoto. Dawa yake ilikuwa chupa. Juni 1980 alianguka jukwaani mjini Nuremberg, Ujerumani, baada ya nyimbo tatu tu. Onyesho likakatizwa, na siku chache baadaye ziara ikaendelea.

Septemba 24 mwaka huo walikutana kwa mazoezi ya ziara ya Marekani. Bonham alianza vodka asubuhi, na hadi usiku alikuwa amekunywa takriban vipimo 40. Alilala nyumbani kwa Page, Windsor. Wenzake walimpeleka kitandani, wakamlaza ubavu. Nawe unajua ilivyo, msomaji. Mlevi akilala husemwa, "Mwacheni, kesho ataamka." Siku iliyofuata, Jones na mfanyakazi mmoja walipokwenda kumwamsha walimkuta amekufa. Alikuwa amepaliwa na matapishi usingizini. Alikuwa na umri wa miaka 32. Mwanawe Jason, yule aliyekuwa mtoto mdogo bendi ilipoanza, alikuwa na miaka 14.

Magazeti yalianza kutaja majina ya wapiga ngoma wa kuchukua nafasi yake. Tiketi, mamilioni ya fedha, vyote vilikuwa vikingoja. Desemba 4, 1980 watatu waliobaki walitoa tangazo fupi kwamba hawawezi kuendelea kama walivyokuwa. Bendi nyingi huvunjika kwa ugomvi wa pesa au wa nani asimame mbele. Hii ilivunjika kwa sababu kiti kimoja kilikuwa kitupu na hawakutaka kukikodisha.

Mwaka wa 1985 walijaribu kupiga pamoja katika tamasha la Live Aid, Philadelphia, wakiwa na wapiga ngoma wawili, si mmoja. Ikawa aibu. Desemba 10, 2007 walipanda jukwaani tena London, safari hii Jason mwenyewe akiketi mahali pa marehemu babake, na waliohudhuria walisema wamerudi kweli. Watu wakasubiri ziara ya dunia. Plant akakataa, na akaendelea kukataa kila alipoulizwa.

Bonham amezikwa Rushock, kijiji kidogo magharibi ya Uingereza, katika uwanja wa kanisa. Watu husafiri kutoka mbali kulitazama kaburi hilo. Hawaleti maua peke yake. Huacha vijiti vya ngoma.