Watoto wa Rumonge Waandikiwe Ziwa Lao

Mtoto wa Rumonge, nchini Burundi, huwajua samaki mukeke na ndagala kabla hajajua kusoma. Ziwa lao la Tanganyika, lenye kina kinachofikia karibu mita 1,470, lina aina zaidi ya 200 za samaki, wengi wao wasiopatikana kwingine duniani. Upande wa milimani, katika misitu ya miyombo, bado wanaishi sokwemtu. Mtoto huyu anastahili kitabu cha viumbe wa kwao, si cha simba na twiga peke yao.

Kitabu hicho kiwe na picha halisi, na kando yake shairi fupi la Kiswahili au Kirundi. Picha humwonyesha mtoto umbo na rangi. Vina na mizani humfanya akumbuke. Watoto wenyewe nao watunge, kwani Kiswahili tayari kinafundishwa katika shule za Burundi.

Mashamba na ukataji wa kuni vinaendelea kuimega misitu ya miyombo wanamoishi sokwemtu. Asiyekijua kiumbe hatakitetea. Walimu, wapiga picha na wizara inayohusika na elimu washirikiane: kitabu hiki kianze kuandaliwa sasa.