Deni la Mtega Kitendawili

Ahadi ni deni, na msemo huo haumtoi msanii. Hata hivyo, tangu tamthilia ya televisheni ya Kimarekani iitwayo Lost ilipofikia kikomo tarehe 23 Mei 2010, lipo kundi la watetezi wake linaloshikilia kwamba msimulizi hana anachodaiwa na msikilizaji. Kwa mujibu wao, msimulizi ana haki ya kutega vitendawili apendavyo na kuviacha njiani apendapo, na anayesimama kuuliza jibu ndiye anayestahili kuona haya, kwa kuwa hakuielewa sanaa. Mabishano hayo yamedumu miaka mingi baada ya pazia kufungwa, wala si ya kupuuzwa. Hoja inayotumika kuitetea tamthilia hiyo ndiyo hiyo hiyo inayotumika kulitetea shairi lisilo na kitu ndani yake.

Kwa asiyeijua, Lost ilianza kuonyeshwa na kituo cha ABC tarehe 22 Septemba 2004, na ikaenda misimu sita yenye sehemu 121. Ndege ya abiria iliyotoka Sydney kuelekea Los Angeles yaanguka katika kisiwa cha Pasifiki kisichojulikana kilipo. Manusura wangoja waokozi ambao hawaji. Kisiwa chenyewe nacho si cha kawaida. Katika msitu wa nchi ya joto mwatokea dubu mweupe wa nchi za barafu. Moshi mweusi watembea kama kiumbe na kuua watu. Chini ya ardhi mna handaki ambamo sharti mtu abonyeze kitufe kila baada ya dakika 108, wala hajui kwa nini. Nambari sita, 4, 8, 15, 16, 23 na 42, ambazo jumla yake ni 108, zinawaandama watu hao ndani na nje ya kisiwa. Aghalabu kila sehemu ilimalizika kwa swali jipya kabla la zamani halijapoa.

Yafaa ielezwe watazamaji walifanya nini na maswali hayo, kwa sababu hapo ndipo penye deni. Hawakukaa kitako tu wakangoja. Walisimamisha picha na kusoma maandishi yaliyopita kwa nukta moja kwenye kioo. Kitabu cha Flann O'Brien, The Third Policeman, kilionekana kidogo tu katika msimu wa pili, na watu wakakinunua kwa wingi wakitafuta ndani yake ufunguo wa kisiwa. Walipoona wahusika wamepewa majina ya wanafalsafa, Locke, Hume na Rousseau, wakaenda kuwasoma wanafalsafa hao. Walipanga miaka, wakachora ramani, wakakosana na kupatana. Hiyo ni kazi ya miaka sita.

Mcheza vitendawili yeyote wa pwani ataitambua kazi hiyo. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wenziwe huitika, "Tega!" Hutegwa, wakajaribu, wakashindwa. Kisha mtegaji huomba mji, nao humpa, akautembea na kujisifu apendavyo. Lakini akiisha kupewa mji ni wajibu wake kutoa jibu, papo hapo na mbele ya wote. Mtegaji apokeaye mji kisha akainuka kwenda kulala bila ya kujibu hataitwa mjuzi. Ataitwa mwongo, na kesho yake hapati wa kumwitikia. Watazamaji wa Lost walitoa mji wa miaka sita. Ni haki yao kuuliza walipewa nini.

Insafu yataka isemwe kwanza kwamba baadhi ya madeni yalilipwa, tena kwa ufundi mkubwa. Mwisho wa msimu wa pili, Mei 2006, ilibainika kwamba ile siku ndege ilipoanguka, mlinzi wa handaki, Desmond, alichelewa kubonyeza kitufe. Kwa tendo hilo moja yalijibiwa maswali mawili: kitufe kilikuwa na kazi gani, na ndege ilianguka kwa nini. Jibu halikuua ajabu, bali liliiongeza, maana lilimfanya mlinzi huyo mwema kuwa chanzo cha msiba wa wote. Kadhalika sehemu iitwayo The Constant, ya mwaka 2008, ambamo Desmond anapotea katika nyakati na kuokolewa kwa sauti ya mpenzi wake katika simu, ilianza na fumbo zito na kulifumbua ndani ya muda wa sehemu moja. Basi asidanganywe mtu kwamba hadithi ya namna ile haiwezi kujibu. Iliweza, ilipotaka.

Sasa yatazamwe yasiyolipwa. Mtoto Walt alitangazwa kuwa ana kipaji cha ajabu, akatekwa na wenyeji wa kisiwa, akachunguzwa, kisha akaondoshwa. Hadithi ikaendelea kana kwamba hakupata kuwapo. Sababu inajulikana: kisiwani zilikuwa zimepita wiki chache tu, ilhali mtoto aliyemwigiza alikuwa akirefuka mwaka hata mwaka. Msimu wa tano, mwaka 2009, watu waliokuwa katika ngalawa walifukuzwa na kupigwa risasi na ngalawa nyingine, na hadi mwisho haikuonyeshwa ilikuwa ya nani. Libby, mmoja wa manusura, alionekana zamani zake akiwa mgonjwa katika hospitali ya wenye maradhi ya akili, akauawa, na habari yake ikafa naye. Ama zile nambari, zilipata majibu mawili. Katika mchezo uliotolewa nje ya tamthilia mwaka 2006, ziliambiwa ni sehemu ya hesabu inayotabiri kuangamia kwa binadamu. Msimu wa mwisho zilionekana ukutani mwa pango, kila moja imefungamanishwa na jina la mtu aliyefaa kukirithi kisiwa. Jibu la kwanza halikulitambua la pili, wala la pili halikulitaja la kwanza. Mwenye majibu mawili yasiyojuana hana jibu.

Mtetezi wa kwanza husema: hata maisha hayana majibu. Mtu huzaliwa, huteseka, na hufa pasipo kuambiwa sababu. Maneno hayo ni kweli, ila hayahusiani na kesi. Maisha hayakumwita mtu barazani yakasema "Kitendawili!" Hayakumwonyesha dubu katika msitu wa joto kisha yakakatizwa kwa matangazo ya sabuni ili arudi wiki ijayo. Aliyefanya hivyo ni binadamu, kwa kusudi, na kwa faida. Televisheni ya biashara huuza muda wa matangazo, na muda huo huuzika maadamu mtu bado angoja. Katika misimu mitatu ya mwanzo hadithi haikuwa na kikomo kilichotangazwa. Mwezi Mei 2007 ndipo kituo kilipokubali na kutangaza kwamba ingemalizika mwaka 2010. Kwa misimu mitatu kamili, basi, maswali yalikuwa yakitegwa na watu wasiojua mwisho utakuwa lini. Katika hali hiyo kuchelewesha jibu ni mtaji, na anayeuita mtaji huo falsafa ya maisha anampamba mfanyabiashara kwa joho la mwanachuoni.

Mtetezi wa pili ana hoja nzito zaidi. Yeye husema kwamba mambo ya kisiwa yalikuwa pambo, na kwamba hadithi ilikuwa juu ya watu. Yafaa akubaliwe kiasi. Jack, Locke, Hurley na wenzao waliumbwa vizuri. Jack anafumba jicho pale pale kwenye mianzi alipolifumbua mwanzo, mbwa kalala ubavuni mwake, na kiishio hicho kinarejea ubeti wa kwanza kwa adabu ya shairi kamili. Lakini mtetezi huyu anakata tawi alilokalia. Ugomvi wa Jack na Locke, ambao ndio uti wa mgongo wa hadithi nzima, ulikuwa juu ya swali hilo hilo: je, kisiwa kina maana, au yote ni sadfa? Locke aliamini kuna kusudi, akafa kwa imani hiyo. Jack alikanusha, kisha akageuka. Ikiwa ajabu za kisiwa zilitungwa leo na kusahauliwa kesho kwa sababu ya ratiba ya uigizaji, basi imani ya mmoja na shaka ya mwenziwe hazikuwa na cha kupimiwa. Anayesema kwamba watu ni muhimu kuliko maswali asahau kwanza kwamba watu hao walikuwa wakifa kwa ajili ya maswali.

Hata hivyo, wenye daftari la madeni nao wana kosa lao. Hao ndio wanaohesabu maswali moja baada ya moja, na kudhani kwamba kila moja likiwekewa alama, haki imetendeka. Mwaka 2010, pamoja na diski za msimu wa mwisho, ilitolewa nyongeza ya dakika kama 12. Humo ilielezwa kwamba vyakula vilivyokuwa vikiangushwa kisiwani vilitumwa na wafanyakazi wa ghala huko Guam ambao hawakupata kuambiwa waache, na kwamba dubu waliletwa kwa majaribio ya kisayansi. Majibu yalikuwa sahihi, lakini ni nani aliyefurahi? Yalisomeka kama risiti. Nyumba isiyo na mlango ikiitwa yai, msikilizaji hucheka kwa sababu ameliona yai upya, na nyumba nayo pia. Jibu la kitendawili humrudisha mtu kwenye swali akiwa tajiri zaidi. Jibu lisilofanya hivyo halikuwa limejificha ndani ya swali tangu mwanzo. Limetafutwa baadaye, kama kifuniko cha chungu kingine.

Na isisemwe kwamba hadithi ndefu ya kukatizwa usiku hadi usiku haiwezi kuwa nyingine. Alfu Lela Ulela ni hadithi ya mwanamke aliyekatiza maneno alfajiri ili asiuawe, na hapana mtangazaji wa biashara aliyekuwa na haja kubwa ya kuchelewesha kuliko yeye. Lakini alilolikatiza usiku huu alilimaliza usiku wa pili. Sindbadi anateremka katika kisiwa, anawasha moto, na kisiwa kinatikisika na kuzama, kwa kuwa kilikuwa samaki. Swali na jibu vimetoka katika bahari moja. Hata deni lisilolipika lina udhuru wake. Charles Dickens alifariki mwaka 1870 akiwa nusu ya riwaya yake ya The Mystery of Edwin Drood, na wasomaji wakabishana hadi kufikia kuendesha kesi ya mchezo jijini London mwaka 1914, G. K. Chesterton akiwa hakimu. Hakuna aliyemlaumu Dickens. Deni la maiti husamehewa. Waandishi wa Lost walikuwa hai, na mwisho waliuchagua wenyewe.

Ipo tofauti kati ya kitendawili na fumbo, na ubishi wote huu umetokana na kuichafua. Kitendawili hungoja jibu. Fumbo halingoji kutangaziwa, bali humwachia mwenye akili alitambue mwenyewe, ndiyo maana wahenga wakasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Kung'amua kwahitaji pawe na kitu. Muyaka bin Haji alipowafumbia mahasimu wa Mombasa katika karne ya 19, waliofumbiwa walijijua. Abdilatif Abdalla alipotunga gerezani mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, ufiche wa maneno ulikuwa ngao ya ukweli ambao mtunzi aliujua na kuulipia kwa kifungo. Kosa la Lost ni kutega vitendawili kwa miaka sita, na ulipofika wakati wa kujibu, kudai kwamba tangu awali yalikuwa mafumbo.

Kosa hilo halikubaki Hawaii ilikopigwa picha. Limo katika kurasa za mashairi. Wapo watungaji wapangao maneno mazito, bahari, kivuli, damu na ukimya, na wakiulizwa maana hujibu kwamba shairi halielezwi. Huenda likawa halielezwi, lakini ni lazima mtunzi awe na alichokificha. Anayewagundua mapema ni mfasiri. Akilibeba fumbo la kweli kutoka lugha moja hadi nyingine huhisi uzito wake hata pale asipoweza kulitaja. Akilibeba tupu, huona mkononi mwake maneno tu, kila moja laweza kubadilishwa kwa jingine na hakuna kinachoharibika. Mtihani huo ni mwepisi na mtunzi aweza kujifanyia mwenyewe: aondoe neno moja la ubeti na kulitia jingine la mizani ile ile, kisha atazame kama kuna kilichopungua.

Zaidi ya watu milioni 13 nchini Marekani waliitazama sehemu ya mwisho ya Lost. Wengi waliinuka wakidhani kwamba manusura walikuwa wamekufa tangu ajali ya kwanza, ingawa hadithi yenyewe ilisema waziwazi kwamba yote yaliyotukia kisiwani yalitukia kweli. Kosa hilo halikuwa la ujinga. Watu waliozoeshwa kwa miaka sita kwamba linaloonekana silo, na linalosemwa silo, hawawezi kulitambua neno la kweli linapofika. Hicho ndicho msimulizi apotezacho asipolipa deni. Kesho atakuja na jambo la haki, aseme "Kitendawili!", na baraza litanyamaza.