Sanduku moja halitoshi kuhifadhi jasho la mwalimu

Kuna simu ambazo mtu akizipokea usiku hujua, hata kabla ya salamu, kwamba pana msiba. Miezi michache iliyopita nilipigiwa simu ya aina hiyo na mwalimu mwenzangu wa zamani, mtu niliyefundisha naye fasihi katika shule moja ya upili magharibi mwa nchi kabla ya uhamisho kututawanya. Hakuna aliyekuwa amefariki. Hata hivyo, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Mwalimu," aliniambia, "wazee wangu wote wametekwa nyara."

Nilidhani uzee umemchezea akili. Kumbe alisema kweli kwa njia yake. Kwa muda wa miaka 26 alikuwa akizunguka vijijini na kinasa sauti mkononi, akikusanya ngano, mbolezi, nyimbo za jandoni na mafumbo, kwa gharama ya mshahara wake mwenyewe. Wengi wa wale aliowarekodi wamekwisha kwenda mbele ya haki. Alipostaafu, alimwajiri kijana mmoja akazihamishia kanda hizo katika tarakilishi, kisha akanunua kisanduku cheusi kisichozidi redio ya mezani, chenye diski mbili ndani, kinachounganishwa na ruta ya intaneti sebuleni ili kila aliye nyumbani humo aweze kuhifadhi na kusoma faili zake. Wataalamu hukiita seva ya kuhifadhia data. Humo aliweka pia mitihani aliyotunga tangu enzi za 8-4-4, orodha za alama, picha za arusi ya bintiye na hesabu za chama cha mkewe.

Kwa kuwa wanafunzi wake wa zamani walioko vyuo vikuu walitamani kuzisikia ngano hizo, fundi alimfungulia mlango kwenye ruta ili kisanduku kionekane kutoka popote duniani. Naam, kikaonekana, tena na kila mtu. Asubuhi moja hakuna faili iliyofunguka. Palikuwa na ujumbe mmoja tu, wa Kiingereza safi chenye adabu, ukimtaka alipe kikombozi kwa sarafu ya bitcoin, chenye thamani ya zaidi ya Sh100,000. Swali lake kwangu lilikuwa fupi: alipe, asilipe?

Sikumjibu usiku huo. Niliomba siku mbili nikasome, maana uharamia huu si mchanga kama wengi wetu tunavyodhani. Mnamo Desemba 1989, wakati ambapo shule nyingi humu nchini hazikuwa zimeona tarakilishi hata kwa picha, disketi takriban 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali, wakiwemo waliokuwa wamehudhuria kongamano la kimataifa kuhusu Ukimwi. Aliyedhani amepata maswali ya kupimia hatari ya kuambukizwa aliitia disketi hiyo katika mashine yake. Baada ya mashine kuwashwa mara 90, majina ya faili yalivurugwa na mwenyewe akaamriwa atume dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshtakiwa, Joseph Popp, alikuwa mwanabiolojia mwenye shahada ya uzamifu ya Harvard, na aliwahi kufanya kazi papa hapa Kenya. Huko Uingereza iliamuliwa kwamba hakuwa na akili timamu kiasi cha kusimama kizimbani.

Kufuli ya Popp ilikuwa dhaifu. Ufunguo uliofunga ndio huo huo uliofungua, na wataalamu hawakukawia kuupata. Mwaka 1996 watafiti wawili, Adam Young na Moti Yung, walionya kwamba mhalifu akitumia hesabu za funguo mbili, mmoja wa kufungia na mwingine wa kufungulia, mhasiriwa hatakuwa na pa kushika. Yaliyofuata yaliwathibitisha. Bitcoin ilipozuka mwaka 2009, mhalifu akapata pia njia ya kupokea fedha bila kuhitaji sanduku la posta.

Visanduku vya nyumbani navyo viliingia katika orodha ya mawindo. Agosti 2014 programu iliyoitwa SynoLocker ilifunga vifaa vya Synology ambavyo wenyewe hawakuwa wamevisasisha, ilhali dawa ya kasoro iliyotumiwa ilikuwa imetolewa tangu Desemba 2013. Aprili 2021 ikawa zamu ya vifaa vya QNAP. Wahalifu wa Qlocker hawakujisumbua hata kubuni kufuli yao wenyewe. Walitumia 7-Zip, programu ya kawaida ya kufungasha faili, wakaweka nywila na kudai bitcoin 0.01, wakati huo takriban dola 550. Na hapa ndipo ninapowaomba walimu wasome polepole: walipitia kasoro iliyokuwa katika programu ya kutengenezea nakala za akiba. Askari aliyewekwa langoni ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ziada mfukoni.

Juni mwaka huo huo, watu wengi waliokuwa na vifaa vya My Book Live vya Western Digital waliamka wakakuta vimefutwa vyote, bila hata kudaiwa senti. Vifaa hivyo vilikuwa vimeacha kupata masasisho tangu 2015, lakini viliendelea kuwaka taa kana kwamba mambo ni shwari.

Nimeyaeleza haya kwa sababu kuna tabia mbaya miongoni mwa wajuzi wa mitambo ya kumcheka aliyeibiwa. Fundi mmoja niliyemsimulia kisa cha mwenzangu alitikisa kichwa na kusema kwamba mzee huyo alijitakia. Sikubaliani naye. Mtu aliyeuziwa kifaa akaambiwa akichomeke umeme na asahau, hana hatia ya kusahau. Kiwanda kinachouza kisanduku chenye uwezo wa kujifungulia milango ya ruta chenyewe, bila kumuuliza mwenye nyumba, kimejitwika sehemu ya lawama.

Hata hivyo, nisimpake mwenzangu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kosa lake kubwa, kwa maoni yangu, halikuwa ule mlango. Lilikuwa ni imani yake kwamba diski mbili ni nakala mbili. Katika kisanduku chake, kila kilichoandikwa kwenye diski ya kwanza kiliandikwa papo hapo kwenye ya pili. Mpango huo una faida moja: diski moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. Lakini kioo hakichagui cha kuonyesha. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, imefutwa kote kuwili. Mhalifu akiifunga, imefungwa kote kuwili. Aidha, mwizi akibeba kisanduku amebeba zote mbili, na moto ukiwaka sebuleni hauchagui diski. Nimekutana na walimu wakuu, watu wenye shahada za uzamili, wanaoamini kwamba shule yao ina akiba kwa sababu seva ina diski nne.

Kanuni iliyo bora kwa mtu wa kawaida ilienezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, nayo ni nyepesi kama hesabu ya darasa la pili: nakala tatu za kila kitu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae nje ya nyumba. Ningeongeza sharti ambalo yaliyotokea baadaye yametufunza, kwamba angalau nakala moja isiweze kufikiwa na kisanduku chenyewe. Diski ya nje iliyochomekwa daima nyuma ya seva si akiba, kwani mhalifu akiingia ndani ataikuta imemngoja. Ichomeke Ijumaa jioni, nakili, ichomoe, itie kabatini. Mwenye uwezo zaidi anaweza kuwa na mashine ya pili inayokwenda kuchukua nakala kutoka kwa ile ya kwanza, huku ile ya kwanza haina nywila ya kuingia katika ya pili. Tofauti kati ya kupeleka na kuchukua yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama mwizi wa sebuleni atafika ghalani.

Vifaa vingi vya siku hizi vina pia uwezo wa kuhifadhi taswira ya faili zote jinsi zilivyokuwa saa fulani, ili zikivurugwa leo urudi kwenye taswira ya jana. Ni jambo jema, nalo limewaokoa wengi. Lakini aliyepata mamlaka ya msimamizi mkuu anaweza kuzifuta taswira hizo kabla hajaanza kazi yake. Kwa hiyo usiitumie akaunti ya msimamizi kwa shughuli za kila siku, iwekee nywila ya peke yake na uthibitisho wa pili wa simu. Tarakilishi ya watoto, inayopokea kila aina ya michezo kutoka mtandaoni, ipewe ruhusa ya kusoma tu. Na ule mlango wa ruta ufungwe kabisa. Anayetaka kusikia ngano kutoka Eldoret aingie kwa njia ya siri ya mtandao wa faragha, ambayo ruta nyingi siku hizi zinaweza kuitengeneza, au apelekewe nakala kwa wingu.

Hapa kwetu kuna adui mwingine asiyedai kikombozi, naye ni umeme. Usiku wa Agosti 25, 2023 giza liliifunika karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Diski iliyokuwa ikiandika wakati huo inaweza kuamka ikiwa na faili nusunusu. Betri ndogo ya kuipa seva dakika kumi za kujizima kwa heshima si anasa.

Lakini hata akiba nzuri ni dhana tu mpaka ijaribiwe. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta data katika seva isiyostahili. Takriban gigabaiti 300 zilitoweka. Kampuni ilikuwa na njia tano za kutengeneza akiba, na ikabidi itangaze hadharani kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Waliponea kwenye nakala ambayo mtu mmoja alikuwa ameichukua saa sita hivi awali kwa sababu nyingine kabisa. Ikiwa hao wanaoishi kwa mitambo walilala usingizi namna hiyo, seuze sisi wenye chaki vidoleni? Chagua faili moja kila mwezi, irudishe kutoka kwa akiba, uifungue uisome.

Kuna upande mwingine wa jambo hili usiozungumzwa katika mikutano ya walimu. Siku hizi mwalimu anatakiwa kupakia alama za tathmini kwenye tovuti, kutunza rekodi za kila mtoto na kuandaa ripoti, na kazi hiyo aghalabu huifanya kwa tarakilishi na flashi aliyonunua mwenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshikilia data za watu aripoti kwa Kamishna ndani ya saa 72 pindi zinapovuja kwa njia inayoweza kuwadhuru. Alama na hali za afya za watoto wetu zimo katika visanduku vya sebuleni na flashi zinazoning'inia kwenye funguo za pikipiki. Zikitekwa, je, ataripoti nani, mwalimu au shule? Sijasikia mwajiri wala chama kikilijibu swali hilo. Anayedai kazi ifanyike kwa mitambo na agharamie mahali pa kuihifadhi.

Sasa nirudi kwa mwenzangu. Nilimshauri asilipe, lakini sikumshauri kwa ule uhakika wa mahubiri. Ni kweli kwamba kila kikombozi hugharamia shambulio lijalo. Ni kweli pia kwamba wapo waliolipa wakapata faili zao. Katika mashambulizi ya DeadBolt yaliyoanza Januari 2022, ambapo kila mhasiriwa alidaiwa bitcoin 0.03, ufunguo ulikuja wenyewe kupitia mtandao wa bitcoin baada ya malipo. Oktoba mwaka huo polisi wa Uholanzi waliutumia mtindo huo huo dhidi ya wahalifu: walituma malipo, wakapokea funguo, kisha wakayabatilisha malipo kabla hayajathibitishwa. Walipata funguo 155 kwa hila hiyo. Nilicheka peke yangu niliposoma. Ndiyo sababu nilimwambia mwenzangu asizifute faili zilizofungwa wala asikiwashe kisanduku tena, bali azinakili kwenye diski ya kando azihifadhi. Huenda siku moja ufunguo wao ukapatikana.

Hakulipa. Sababu yake haikuwa ushauri wangu. Hakuwa nazo hizo fedha.

Wiki iliyofuata nilimtembelea. Mkewe alituletea chai, kisha akauliza kwa nini hatutafuti "zile takataka" zilizo chini ya kitanda cha wageni. Lilikuwa sanduku la bati alilotaka kulitupa mara tatu, na ndani yake kaseti 143 za awali, baadhi zikiwa zimeota ukungu. Hadi sasa tumezisikiliza 90, na 61 kati yazo zinasikika. Rekodi alizozifanya kwa simu katika miaka ya mwisho hazikuwa na kaseti, na hizo bado zimo kifungoni.

Kaseti ya kwanza ni ya bibi mmoja anayekohoa mara mbili kabla ya kuanza ngano, huku jogoo akiwika nyuma yake. Tumeinakili mara tatu. Diski moja iko kwake, ya pili iko kwangu mwendo wa kilomita 70, na kila mwisho wa mwezi tunakutana njiani, kwenye hoteli moja ya wasafiri, tukabadilishana.