Uhuru Usiongojee Hisani

Mwaka 1805 wakaguzi wa serikali mjini Vienna waliizuia Fidelio, opera ya Beethoven kuhusu mwanamke anayemwokoa mumewe, mfungwa wa kisiasa. Mtunzi wa maneno yake aliwasilisha ombi, zuio likaondolewa, ikaonyeshwa Novemba. Nasi mwaka 2017 tulishuhudia “Wapo”, wimbo wa Ney wa Mitego, ukipigwa marufuku na msanii akikamatwa, kisha Rais akaagiza aachiwe.

Msanii anayeokolewa kwa hisani ya mkubwa bado hajawa huru. Agosti 2024 Wamaasai wa Ngorongoro waliandamana kudai haki zao, ikiwemo ya kupiga kura. Je, kijana wa Karatu akiyaimba madai hayo, atalindwa na Ibara ya 18 ya Katiba, au angojee huruma ya Ikulu?